Ukuta hauongezi uzito wa ngumi: jibu kwa kijana wa Uyole

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 20, kwetu ni Kyela, ila tangu mwezi wa pili nipo Uyole, Mbeya, napakia viazi kwenye magari. Jioni tunajifunza ngumi na mateke na wenzangu. Hatuna mwalimu wa kudumu, yupo kaka mmoja anatuelekeza. Nina kilo 56. Ngumi zangu ni nyepesi, wenzangu wanasema mkono wangu bado laini, kwa hiyo napiga ukuta na gunia la mchanga, na ugoko nausugua kwa chupa ya soda. Pushapu napiga mia kila asubuhi, lakini raundi ya pili tu pumzi inakata. Wiki hii mkono wa kulia umevimba upande wa kidole kidogo. Nifanye nini mkono ukomae haraka na ngumi iwe na uzito?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Uzito wa ngumi tutaufikia, lakini naanza na huo mkono uliovimba, ambao umeutaja kama jambo la kupita. Ukipiga ukuta kisha ukavimba upande wa kidole cha mwisho, usijiambie ni uchovu wa mazoezi. Mfupa wa kiganja unaobeba kidole kidogo ndio unaovunjika sana kwa watu wanaopiga vitu vigumu, na mara nyingi huvunjika karibu kabisa na fundo la kidole. Mtu anaweza kutembea nao umevunjika siku kadhaa akidhani ameteguka tu.

Weka mikono yote miwili mbele yako, kisha ikunje taratibu. Fundo la mwisho la mkono wa kulia limezama kuliko la kushoto? Kidole kidogo kinapinda na kumpanda jirani yake? Ukibonyeza mfupa nyuma ya fundo, maumivu yanachoma mahali pamoja tu? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, nenda hospitali yenye eksirei kesho asubuhi. Bonyeza pia kishimo kinachojitokeza chini ya kidole gumba, upande wa kifundo cha mkono, unapokinyoosha kidole gumba juu. Pale kuna mfupa mdogo ambao damu haiufikii vizuri, na ufa wake unaweza usionekane kwenye picha ya kwanza. Pakiuma mwambie daktari, kwa sababu mara nyingi picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Na nakuomba sana: usikubali mtu akukande kwa maji ya moto na kukuvuta vidole kabla picha haijapigwa. Mfupa uliokaa vizuri unaweza kuhamishwa na mkono wa mtu mwenye nia njema kabisa.

Ukikutwa umevunjika na ukatibiwa mapema, wiki 4 hadi 6 kwa kawaida zinatosha mfupa kushika, ingawa kupiga begi la mazoezi kwa nguvu kutasubiri zaidi ya hapo na utamsikiliza daktari. Usihesabu kuwa umepoteza wiki hizo. Mengi ya ninayokueleza hapa chini hayahitaji mkono wa kulia, na kwako ndiyo yaliyokosekana.

Sasa ukuta. Wenzako wanaamini mkono unakomaa kwa kuumizwa, kama vile ngozi ya kiganja inavyoota sugu kwa jembe. Mfupa hauendi hivyo. Daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga upya kufuata mzigo unaobebeshwa, na kanuni hiyo bado inafundishwa. Kwa hiyo ni kweli kwamba mifupa ya mpiganaji inakuwa imara. Wanachokosea wenzako ni mpangilio na muda. Mwili ukiona mfupa unapata mzigo mpya, kwanza unaondoa sehemu iliyochoka, kisha ndipo unajaza mpya. Kuondoa huchukua wiki chache, kujaza huchukua miezi. Katikati ya hapo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Anayepiga ukuta kila siku kwa hasira anaendelea kuubomoa katika kipindi hicho hicho, na hapo ndipo nyufa zinapotokea. Uliuliza namna ya kuukomaza haraka. Haraka haipo, na yeyote anayekuuzia haraka atakulipisha kwa mkono wako.

Lipo jingine ambalo naliona baya zaidi, kwa sababu halionekani kwenye eksirei. Mwili unajilinda. Ukijua mbele yako kuna tofali, mkono unaanza kufunga breki kabla haujafika, hata kama wewe hutaki. Ukirudia jambo hilo kila jioni kwa miezi, umejifunza kupiga ngumi inayosimama njiani. Halafu unapiga pedi, zile anazoshika mwenzako, na kushangaa kwa nini ngumi ni nyepesi. Ngumi nzuri inalengwa ipite nyuma ya shabaha, kiasi cha upana wa kiganja, na huwezi kujifunza kupitisha ngumi mahali ambapo kupita hakuwezekani.

Najua watakujibu kwamba wakareteka wa Japani wanapiga mbao. Wanapiga, ndiyo. Ule ubao unaitwa makiwara, asili yake ni Okinawa, kisiwa alikozaliwa Funakoshi Gichin, mwalimu aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922. Lakini makiwara ni ubao uliochimbiwa chini, mwembamba juu, na sehemu ya kupigia imezungushiwa kamba ya majani ya mpunga. Ukiupiga unarudi nyuma na kukusukuma. Waliobuni walitaka mkono ukutane na kitu kinachojibu kidogo kidogo, wajifunze kunyoosha kifundo cha mkono na kusukuma kutoka ardhini. Ukuta wa tofali la kuchoma haujui kurudi nyuma.

Chupa ya soda kwenye ugoko iache leo. Ugoko hauna nyama ya kuukinga, ni ngozi juu ya mfupa, na kati yake kuna utando wenye mishipa mingi ya fahamu. Kuusugua kwa chupa kunaitia ngozi ganzi na kuacha uvimbe, huku mfupa wenyewe haupati mzigo wa maana. Wapiganaji wa Thailand, ambao magoti na magoko yao ndiyo silaha, wanakomaa kwa kupiga begi zito na pedi mateke mengi kwa miaka, tangu wakiwa watoto. Anza na begi laini, mateke machache ya nusu nguvu, siku mbili kwa wiki, usipige penye uvimbe. Mwezi hadi mwezi ongeza.

Tuje kwenye uzito wa ngumi. Wewe unapakia viazi. Unaporusha gunia juu ya gari, je, unalirusha kwa mkono? Ukijaribu kwa mkono peke yake halifiki. Unakanyaga ardhi, goti linanyooka, nyonga inazunguka, bega linafuata, na mikono inakuja mwisho kumalizia. Ngumi ya nyuma ni mwendo huo huo, umefupishwa tu. Wewe tayari unao mwilini, ila ukifika kwenye mazoezi unauacha nje na kupiga kwa bega.

Kwa hiyo katika wiki hizi za kupumzisha mkono, jifunze miguu. Kama unatumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto uwe mbele, upana wa mabega, vidole vya miguu vikiangalia kulia kidogo. Magoti yalegee. Kisigino cha nyuma kiinuke kiasi cha kupitisha karatasi, si zaidi. Sasa, mikono ikiwa usoni bila kurusha chochote, sukuma ardhi kwa sehemu ya mbele ya unyayo wa nyuma, hapo nyuma ya vidole, hadi kisigino kigeuke nje na nyonga ya kulia ije mbele. Simama. Rudi. Fanya hivyo polepole sana, raundi moja nzima. Mtu akikushika nyonga kwa mikono miwili na kukuzuia kidogo utaelewa haraka zaidi kuliko maneno yangu. Mkono ukipona utaongeza ngumi juu ya mwendo huo, na hutahitaji mtu akuambie tofauti.

Zingatia pia kulinda kidevu na kurudisha ngumi. Vijana wengi wakijifunza kuzungusha nyonga wanasahau mkono wa kushoto unashuka hadi kifuani. Mkono usiopiga ubaki shavuni. Na ngumi irudi kwa kasi ile ile iliyokwendea, kwa njia ile ile, si kwa kushuka kama mtu aliyechoka kubeba ndoo.

Usikate tamaa kwa sababu ya kilo 56. Mwaka 1998, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kuala Lumpur, Michael Yombayomba aliiletea Tanzania medali ya dhahabu ya ngumi katika uzito wa bantam, ambao mwisho wake ulikuwa kilo 54. Uzito wa mwili unakupangia wapinzani tu. Uzito wa ngumi unatokana na kiasi cha mwili wako unachofanikiwa kukipeleka nyuma ya mafundo mawili ya kwanza, la shahada na la kidole cha kati. Hayo ndiyo yagonge. Nyuma yake kuna mifupa minene iliyoshikamana imara na kifundo cha mkono, wakati la kidole kidogo limesimama peke yake. Mkono wako umevimba mahali hapo kwa sababu ngumi inatua upande. Kidole gumba kikae nje, kimelala juu ya vidole viwili vya kwanza, na vidole vikazwe pale tu ngumi inapofika.

Kwa mateke nitasema moja tu, kwa kuwa linaharibu magoti ya watu. Unapopiga teke la kuzunguka, mguu uliosimama lazima ugeuke hadi kisigino kielekee kule unakopiga. Ukiganda chini huku nyonga inazunguka, anayelipa ni goti. Kwenye sakafu ya saruji yenye vumbi unateleza, kwenye udongo uliolowa unanasa. Chagueni mahali pa mazoezi kwa kuangalia hilo kwanza.

Pushapu mia kila asubuhi zinakupa uwezo wa kupiga pushapu nyingi. Si mbaya, ila hazikupi kasi, na ukizichanganya na magunia ya mchana mabega yako hayapumziki. Kwako wewe kazi ya kupakia ndiyo mazoezi ya nguvu. Ihesabu. Mimi ningekata pushapu zibaki seti 4 za 8, ukijisukuma kwa kasi hadi viganja viachie ardhi, siku tatu kwa wiki, na hizo zisubiri mkono upone. Ongeza kujivuta juu kwenye boriti, kwa kuwa mgongo ndio unaorudisha ngumi. Kisha tafuta mpira wa zamani wa kikapu, ujaze matambara na mchanga kidogo ufikie kilo 3 au 4, ushone vizuri. Simama ubavu kwa ukuta, urushe kwa kuzungusha nyonga, uudake, urudie. Huo ndio mchango wa ukuta kwenye ngumi yako.

Pumzi. Wapo watakaokuambia ni hewa ya Mbeya, na wana sehemu ya ukweli. Kyela iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Hewa ya huku ina mgandamizo mdogo, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kuliko pwani ya Ziwa Nyasa. Anayepanda kutoka Kyela anahema sana wiki za mwanzo. Lakini wewe upo tangu mwezi wa pili. Mwili wako umeshazoea kiasi cha kutosha. Naamini unabana pumzi unapopiga. Karibu kila anayeanza anafanya hivyo: anarusha ngumi tatu amefunga mdomo na kifua, anaachia, anabana tena. Dakika mbili baadaye mabega ni mawe na moyo unagonga masikioni. Toa pumzi fupi kwa kila ngumi, kwa pua au kati ya meno, mlio wa "ss" usikike. Katikati ya mashambulizi legeza mabega na uvute kwa pua. Mwambie mwenzako asimame nje asikilize. Asiposikia mlio, akusimamishe.

Nusu ya pili ya pumzi inajengwa barabarani, na hapa watu wa nyanda za juu kusini tumebarikiwa milima. Kosa la vijana ni kukimbia kila siku kwa kasi ya mashindano. Mbio tatu kwa wiki, dakika 30 hadi 40, mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima na mwenzako bila kukatika. Ukishindwa kuongea, punguza, hata kama unapitwa na wanafunzi wa shule. Mbio hizi za polepole ndizo zinazoufundisha moyo kusukuma damu nyingi kwa kila pigo. Baada ya mwezi, moja ya siku hizo igeuze kuwa ya mlima: panda kwa nguvu nusu dakika, shuka kwa kutembea hadi pumzi irudi, rudia mara 6, polepole ufike 10. Miteremko iliyo chini ya mlima Loleza inatosha kabisa. Nilipokuwa nafundisha Iringa tulipenda kupanda jiwe la Gangilonga kwa sababu hiyo hiyo. Kushuka usikimbie, hasa wakati wa mvua, kwa kuwa magoti ya mpakia mizigo yanabeba vya kutosha.

Kamba uiruke kwa raundi za dakika 2, pumzika dakika 1. Baadaye fikia dakika 3, ambazo ndizo raundi za ngumi kwa wanaume. Na kwa baridi ya Uyole ya Juni na Julai, usiingie kwenye begi kabla jasho jembamba halijatoka. Robo saa ya kupasha mwili, ukivaa sweta, si kupoteza muda. Misuli ya nyuma ya paja ikichanika kwa teke la kwanza la asubuhi, inakuweka nje wiki nyingi.

Gunia la mchanga libadilisheni. Mchanga unashuka, na baada ya wiki chini kuna jiwe. Chukueni vipande vya nguo kwa mafundi cherehani, na mitumba iliyokataliwa sokoni, Mwanjelwa hazikosekani. Jazeni kiroba imara kwa kushindilia tabaka kwa tabaka, mpaka likaribie nusu ya uzito wa mpigaji. Likiwa jepesi sana, wekeni mfuko mdogo wa mchanga katikati kabisa, umezungukwa na nguo pande zote. Lining'inizwe, lisiegemezwe.

Bendeji za mikono si pambo. Za dukani zina urefu wa mita 4.5 hivi, ila shuka la pamba lililokatwa upana wa vidole vitatu linafanya kazi. Tanua vidole wakati wa kufunga, anza na kifundo cha mkono mara tatu, pita katikati ya vidole, zungusha mafundo, malizia kwenye kifundo. Ukikunja ngumi ibane, ukifungua iachie. Vidole vikibadilika rangi, umekaza mno. Glavu za wakia 12 zinafaa kwa begi, na kwa kupigana kwa mazoezi tafuteni wakia 16 hata kama ni jozi mbili za kundi zima mnapokezana.

Hapo kwenye kupigana kwa mazoezi nakuomba usikilize kwa makini, maana hamna mwalimu wa kudumu. Kofia ya kinga inazuia kuchanika nyusi na masikio. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu, na ndiyo maana kuvaa kofia kusikupe ruhusa ya kupokea makonde. Tangu 2013 shirikisho la ngumi za ridhaa duniani liliziondoa kwa wanaume wakubwa. Mwenzenu akipigwa akaduwaa, akauliza swali lile lile mara mbili, akaumwa kichwa au kutapika, jioni hiyo imekwisha kwake, asirudi ulingoni hata akisisitiza yuko sawa, asilale peke yake, na akizidi kuchanganyikiwa au kutapika apelekwe hospitali usiku huo huo. Bondia aliyepigwa kichwani hadi pambano likasitishwa husimamishwa siku zisizopungua 30 hata kwenye ngumi za ridhaa zilizopangwa vizuri, na aliyezimia husimamishwa muda mrefu zaidi. Nyinyi msijipe chini ya hapo. Siku za kawaida pigeni kwa theluthi ya nguvu, mwili zaidi ya kichwa, kila mtu na kinga ya meno. Huyo kaka anayewaelekeza, kama anawaachia wapya wapigwe na wakongwe ili "wazoee", mwambie kwa heshima kwamba mnataka kujifunza kwanza. Akikataa, tafuteni mahali pengine. Maneno haya nayasema kwa uzito wote nilio nao.

Chakula chako kinaweza kuwa kizuri bila gharama kubwa. Kwa kilo 56 na kazi unayofanya, lenga kama gramu 90 za protini kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15, yai 6, glasi ya maziwa 8. Usipa, wale dagaa wa kwenu Kyela, ni protini nyingi kwa pesa kidogo, na wanakuja na mifupa yao, yaani madini ya chokaa (kalsiamu) ambayo mfupa wako unayahitaji sasa hivi. Viazi na ugali usiviogope, ndivyo vinavyobeba magunia. Parachichi la Rungwe ongeza kila siku, maana wewe hupungui, unajengeka. Vinywaji vya kuongeza nguvu kabla ya mazoezi achana navyo, vinakupandisha mapigo ya moyo kabla hujaruka hata kamba.

Na kazini, mpaka mkono upone, ongea na mkubwa wako akupe kupanga au kuhesabu badala ya kurusha. Ukibeba gunia kwa mkono wenye ufa unaweza kuuhamisha mfupa, na hapo wiki 6 zinageuka upasuaji. Ukishapata majibu ya eksirei, niandikie daktari amesema mfupa gani na wiki ngapi, nikupangie siku za wiki kwa kufuata zamu zako za kupakia.